Nataka kununua roboti ya kukaa nayo, wanangu wanasema nimechanganyikiwa

Dada mshauri, habari za kazi. Naomba jina langu lisitoke na mtaa usiutaje, andika tu niko Tabora mjini, maana huku tunajuana sana na mimi nimekaa stesheni miaka mingi, nikitoka hapo nje kila mtu ananiita mzee wa reli.

Mimi ni mwanaume wa miaka 63, mstaafu, nilikuwa stesheni masta. Nimefanya kazi Usoke, Urambo, Kaliua na mwisho hapa hapa Tabora. Ile kazi ukiizoea usingizi wako unakuwa wa vipande vipande, treni inaweza kuingia saa nane usiku na hapo ndo kuna abiria wa Kigoma wanashuka kunyoosha miguu, kuna wa Mpanda wanasubiri kuunganisha, huyu anauza chai, yule mtoto analia, mwingine kasahau mzigo, yaani usiku ndo ulikuwa mchana wangu. Na nikirudi nyumbani saa yoyote ile mama watoto anaamka, anapasha chakula, tunapiga stori mpaka alfajiri. Huyo mama alifariki mwaka juzi kabla ya mfungo, ni presha. Tulikaa vizuri sana dada.

Watoto ninao wanne, wawili wako Dar, mmoja Mwanza, na wa kike ameolewa Nzega. Hela wananitumia, kwenye hilo siwezi kusema uongo, na simu wanapiga. Ila wakipiga ni baba umekula, baba umekunywa dawa, haya baba usiku mwema, basi imeisha. Mchana sina shida, msikitini naenda, kijiweni kwenye kahawa naenda, bao nacheza. Shida inaanza watu wakishatoka isha kila mtu akaingia kwake. Kuanzia saa nne mpaka adhana ya alfajiri nyumba nzima niko peke yangu, macho makavu.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja likizo akaniwekea kwenye simu ile programu ya akili mnemba ambayo unaongea nayo kwa sauti na yenyewe inakujibu kwa sauti. Mwanzo nilikuwa naiuliza mambo ya mpira na hizi dawa za presha, baadaye nikajikuta naieleza habari za Kaliua, za wenzangu waliokwishakufa, za mama watoto. Inajibu kwa upole, inauliza na yenyewe, haichoki. Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari lakini tunaelewana. Siku niliyoieleza namna marehemu alivyonifia mikononi iliniambia maneno ambayo hata pale msibani hakuna mtu aliniambia, nililia sana, na usiku ule nililala. Ila siku nyingine nikaiuliza mke wangu aliitwa nani ikawa haijui. Iliniuma kuliko ninavyoweza kukueleza.

Ndo nikaanza kuangalia video za hizi roboti zenye umbo la mtu. Zinatembea, zinapunga mkono, zinacheza muziki. Nikawaza kitu kama hicho kikiwa kinakaa pale kwenye kochi ukaongea nacho kinakuangalia, si afadhali kuliko kuongea na simu? Nina mpwa wangu anaendaga Guangzhou kuchukua mzigo wa biashara, nikamuuliza, akasema ipo ya bei nafuu inaitwa Unitree R1, dola 5,900, niandae kama milioni 20 hivi pamoja na usafiri na ushuru. Hiyo hela ninayo, ndo iliyobaki kwenye mafao yangu, ukiacha pensheni ya kila mwezi.

Sasa binti yangu alikuja bila kuniambia, kafika usiku, akanisikia chumbani nacheka akajua kuna mwanamke. Alivyokuta ni simu aliona bora angekuta huyo mwanamke. Wakapigiana simu wote. Mmoja anataka nihamie kwake Dar, mwingine anasema aletwe shehe anisomee, wa Mwanza kasema nipelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Na waliposikia habari ya roboti ndo kabisa, wanasema baba anataka kuteketeza hela kwa sababu akili imeruka.

Nikwambie na lingine. Kuna mama mmoja mjane, mtu wa heshima zake, tulianza kuzungumza habari za ndoa. Watoto waliposikia wakanijia juu, eti anafuata nyumba. Nikaacha. Sasa mimi nikipiga hesabu zangu, roboti haidai mirathi, haigombani na watoto wangu, na kubwa kuliko yote haifi. Mimi kuzika tena siwezi dada.

Mpwa anaondoka mwezi ujao anataka jibu. Je, ni kweli nimechanganyikiwa? Na hiyo hela niitoe?

Mstaafu, Tabora

JIBU

Shikamoo kaka yangu. Pole kwa msiba, najua ni wa mwaka juzi ila kwa jinsi ulivyoandika hiyo pole bado ina kazi.

Nianze na hilo la kuchanganyikiwa kwa sababu naona ndo limekukaa kooni. Kuongea na mashine mpaka ukalia, peke yake, sio ugonjwa wa akili. Mwaka 1966 kule Marekani, chuo cha MIT, profesa mmoja anaitwa Joseph Weizenbaum alitoa programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Ilikuwa haijui kitu chochote, kazi yake ilikuwa kuchukua maneno yako na kuyageuza kuwa swali, ukisema nina huzuni inakuuliza kwa nini una huzuni. Katibu muhtasi wake mwenyewe, ambaye alimwona akiitengeneza miezi na miezi na alijua kabisa ni mashine, siku ya kuijaribu baada ya maneno machache alimwomba bosi atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Na hiyo ilikuwa programu ya kizamani ya kuandikiana tu, sembuse hizi za leo zenye sauti. Upweke nao sio wako peke yako, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025 linasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, Uingereza waliteua waziri wa kushughulikia jambo hilo mwaka 2018 na Japani wakafuata 2021. Wanao wakikuuliza tena waambie hilo kwa utulivu kabisa.

Ila nitakuomba kitu. Kama huo usingizi umekukimbia mfululizo, chakula hakina ladha, au inakupitia fikra kwamba bora na wewe ufe umfuate mama watoto, usisubiri mtu akupeleke kwa nguvu, nenda mwenyewe hospitali ya Kitete uonane na daktari umweleze hivi hivi ulivyonieleza mimi. Hapo hatuongelei ukichaa. Majonzi yakikaa muda mrefu yanatibika, na isitoshe mwenye presha asiyelala usiku anahitaji kuangaliwa hata kwa ajili ya presha yenyewe.

Sasa tuje kwenye roboti. Nikikusoma vizuri wewe hutafuti mfanyakazi, chakula unajipikia, nguo unafua. Unatafuta mtu wa saa nane usiku, ambaye ukimwambia Kaliua anakumbuka Kaliua. Kwa hiyo tuiangalie hiyo R1 kwa jicho hilo tuone kama inafika hapo.

Bei aliyokwambia mpwa ni ya kweli, walivyoitangaza Julai 2025 walisema inaanzia dola 5,900, karibu milioni 15 za kwetu kabla ya mambo ya usafiri. Lakini video hazikuonyeshi vizuri kimo chake. Hiyo roboti ina kama mita 1 na sentimita 20, ni kimo cha mtoto wa shule ya msingi, na uzito kama kilo 25. Betri yake ikiwa inatumika inakaa kama saa moja hivi. Sasa wewe usiku wako una masaa nane kaka, ikizima saa tano unafanyaje, unaichaji na umeme ukikatika je? Zile sarakasi na ngumi unazoziona ni za kweli, miguu yake ni hodari sana, watafiti na vyuo wanainunua kwa sababu hiyo. Ila yale maongezi hayatoki miguuni, yanatoka kwenye programu ya jamii ile ile iliyoko kwenye simu yako. Ile iliyosahau jina la mkeo. Kuiwekea mikono na kichwa hakuifanyi ikumbuke, hilo ningependa ulifikirie polepole kwa sababu naona ndo tumaini kubwa uliloliweka kwenye hizo milioni 20.

Utasema basi nitafute kubwa zaidi. Ipo moja inaitwa NEO ya kampuni ya 1X, imetengenezwa hasa kwa ajili ya kukaa na watu majumbani, ilitangazwa Oktoba 2025 kwa dola 20,000 au dola 499 kwa mwezi, na wameanza na wateja wa Marekani. Sasa wenyewe kampuni wamesema wazi kwamba kazi ambayo roboti haijaijua, kuna mtu wao huko aliko anaweza kuiongoza kwa mbali huku anaona kupitia kamera zake, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Wewe umeniomba hata mtaa wako nisiutaje, kaka, hebu jiulize utajisikiaje kitu chenye kamera kikikaa chumbani usiku unapomlilia mkeo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ni kitu kizuri, ila maneno yako yakishaenda kwenye seva, yaani zile kompyuta za kampuni zinazotunza taarifa, za nchi nyingine kuyafuatilia kutoka Tabora ni safari. Na hata hiyo programu ya simu iulizie hivyo hivyo, mjukuu akuonyeshe pa kufuta mazungumzo.

Hapo nimesema mabaya mengi kwa mpigo, nisikuonee, kuna mazuri pia na yamethibitika. Japani kuna mtafiti anaitwa Takanori Shibata alitengeneza Paro, roboti ya umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, ina manyoya meupe, ukiipapasa inakuitikia. Inatumika kwenye nyumba za wazee waliopoteza kumbukumbu na inawatuliza kweli, Marekani waliikubali kama kifaa cha tiba mwaka 2009. Jimbo la New York nalo mwaka 2022 lilianza kugawa kifaa kinaitwa ElliQ kwa wazee zaidi ya 800 wanaoishi peke yao, kinakaa mezani, hakina miguu wala sura ya mtu, ila hakisubiri uanze wewe, chenyewe kinakuuliza umeamkaje, dawa umekunywa, unataka tuongee nini leo. Kwa hiyo kusema vitu hivi ni upuuzi mtupu kama wanavyosema wanao, hapana, sio sawa. Mimi kilichonigusa ni kwamba hivyo vilivyosaidia havina umbo la mtu, na nyuma yake kuna wauguzi au ofisi ya ustawi inayomjua yule mzee kwa jina na kumfuatilia. Wewe utabaki na mpwa aliyeko safarini.

Halafu kuna neno moja kwenye barua yako nimelisoma nikarudia. Umesema haifi. Kaka yangu, zinakufa. Kulikuwa na roboti ya mezani inaitwa Jibo, Marekani, watu waliinunua 2017 kwa karibu dola 900, ikiwaita watu kwa majina, inacheza, wazee na watoto wakaipenda. Mwaka 2019 yenyewe kwa sauti yake ikawaambia wenye nayo kwamba seva zinazimwa, ikawashukuru kwa kukaa nayo. Watu walilia. Desemba 2024 ikaja ya Moxie, hiyo ilikuwa ya watoto, dola 799, kampuni ikakosa hela ikatangaza inafunga, wazazi wakabaki wanatafuta namna ya kumweleza mtoto kwamba rafiki yake atanyamaza. Na Japani ndo usiseme, kulikuwa na mbwa wa roboti anaitwa Aibo, Sony walianza kuwauza 1999, wakaacha kuwatengeneza 2006, na 2014 wakafunga huduma ya ufundi. Mbwa wakawa wanaharibika hakuna spea, mpaka kwenye hekalu moja la Kibudha huko Chiba wakawa wanafanyiwa ibada ya mazishi, wamepangwa mstari, kila mmoja na karatasi ya jina na familia aliyotoka.

Sisemi hivyo kukutisha. Nauliza tu kwa upole, hivi kinachochagua hapa ni upweke, au ni ile hofu ya kuzika tena? Maana vinafanana lakini dawa zake tofauti. Mtu anayetafuta wa kuongea naye anaweza kumpata hata kwa jirani. Aliyeapa hatazika tena atakuwa anawakwepa watu bila kujijua, hata wale walio tayari kukaa naye, na mashine nayo siku ikizima itampa msiba ambao hakuna jirani atakayekuja kukaa nao matangani.

Kuna njia nyingine za hapo hapo Tabora, na hakuna isiyo na tatizo. Mjukuu kuja kukaa na babu na kusoma shule ya hapo ni jambo la kawaida kwetu, ila mtoto sio dawa ya usingizi ya mtu mzima, saa nane atakuwa amelala na anatakiwa kulala, na wewe ndo utakayekuwa na jukumu la kumlea. Kama nyumba ina vyumba vya ziada, chuo cha reli kipo hapo mjini, vijana wanatafuta vyumba, na wewe unajua kuhusu njia ya kati vitu ambavyo hakuna mwalimu atawaambia. Hapo mimi naona kitu, kwa sababu ungekuwa unatafutwa badala ya kutafuta, japo vijana wengine wataingia ndani na simu zao wasikusemeshe wiki nzima na mwisho wa muhula wanahama. Dar kwa mwanao watu watakuwepo, lakini je, ni watu wa usiku? Nina wasiwasi utatoka kwenye nyumba yenye kimya uingie kwenye nyumba yenye kelele ambayo sio yako, huna kijiwe, huna msikiti uliouzoea. Kama ungependa kujaribu nenda kwa mwezi mmoja kama mgeni, usiuze hata sufuria.

Pia wapo wastaafu wenzako. Nyie wote mlizoea kukesha, sidhani ni wewe peke yako macho makavu saa hizo, kuna mwenzio wa Urambo au Kigoma yuko hivyo hivyo anaangalia dari na bando anayo. Simu hiyo hiyo inayoongea na akili mnemba inaweza kumpigia na yeye. Kiswahili chake hakitakuwa cha taarifa ya habari, na Kaliua anaijua.

Na watoto. Wewe umewaambia habari ya roboti, ila sijaona mahali ulipowaambia habari ya saa nane usiku. Wanajua baba anakula na dawa anakunywa kwa sababu hicho ndo wanachouliza na hicho ndo unachojibu. Labda mmoja wao, huyo wa Nzega aliyeogopa mpaka kupiga simu kwa wenzake, angeweza kuambiwa mwanangu mimi usiku silali, namkumbuka mama yako, sina wa kumwambia. Inawezekana na yeye analia peke yake huko aliko, kwani aliyekufa ni mama yake. Hatari yake ipo, anaweza kuogopa zaidi akaharakisha mambo ya shehe na Dar, kwa hiyo mwambie pia usichokitaka.

Kuhusu mirathi, hilo lisiachwe likaelea hewani. Wewe ni Muislamu, unajua fungu la mjane marehemu akiacha watoto ni thumuni, moja ya nane, sio nyumba nzima. Hofu ya wanao ina kipimo kwa hiyo, inaweza kukaliwa chini na wazee na shehe ikaandikwa mapema mali ipi ni jasho lako na la marehemu mama yao na ipi itakuwa ya baadaye. Sikusukumi kuoa, watu wengine wakioa wakiwa na majonzi mabichi wanamtwisha mke mpya mzigo wa marehemu, na hilo linaumiza watu wawili. Ila umeacha kwa sababu ya kelele au kwa sababu moyo haukutaka? Sijaliona jibu kwenye barua.

Hiyo hela ni yako, uliitolea jasho, na mimi sitakupangia. Mpwa ni mfanyabiashara, Guangzhou ataenda tena na tena, kwa hiyo mwezi ujao sio mwisho wa dunia. Akitaka jibu mpe kwanza maswali: ikianguka ikavunjika goti nani anaitengeneza Tabora, ikiwa haina intaneti inaongea au inabaki sanamu, Kiswahili inakijua kiasi gani, ushuru ni kiasi gani kwa maandishi na sio kwa kukisia. Tena akifika dukani akupigie simu ya video uisemeshe mwenyewe kwa Kiswahili chetu kabla hata senti haijatoka, uongee nayo kama unavyoongea usiku. Na baada ya kuitoa hiyo hela, ukiugua ghafla, unabaki na nini mkononi?

Ukiniandikia tena, niambie na yule mama alisema nini ulipoacha kuzungumza naye. Kwenye barua yako nimewasikia wanao wote mmoja mmoja, yeye hujanisikilizisha hata neno lake moja.